Likizo Niliyosema Sina

Mume wangu alikuwa fundi mwashi kabla hajawa mpanga maboksi. Lazima nianze na hilo, maana bila hilo mtu atadhani tulitaka kwenda Italia kwa maringo. Ufundi aliusomea kwa wamisionari, kwetu kusini mwa Tanzania, na mwalimu wake, bruda mmoja mzee, siku moja aliwaonyesha wanafunzi picha ya kanisa kuu la Firenze lenye kuba kubwa ya matofali. Akawaambia kuba ile ilijengwa bila mbao za kuishikilia kutoka chini, kisha akawauliza iliwezekanaje isianguke. Bruda akastaafu akarudi kwao kabla hajawapa jibu. Mume wangu alikuja na swali hilo mpaka Birmingham. Alilibeba miaka yote aliyofanya kazi katika kiwanda cha vipuri vya magari kule Aston, ambako kazi yake ilikuwa kupanga maboksi juu ya maboksi mpaka yamfikie kichwani, kisha kuanza upya.

Mimi nilikuwa msaidizi wa wauguzi hospitalini, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani kwetu Bordesley Green. Kazi ya kuogesha, kulisha na kugeuza wagonjwa, na kusikiliza wazee wakilalamika kwamba chai imepoa. Mgongo ulikuwa unaniuma na mdomo wangu ulikuwa mkali. Bado ni mkali, watu wa nyumbani mwangu wanajua.

Kwa miaka kumi na miwili neno likizo lilikuwa na maana moja tu kwetu, nayo ni kwenda nyumbani. Nyumbani huendi kupumzika, unakwenda kuhudhuria. Wiki ya kwanza unazunguka nyumba kwa nyumba kuwapa pole waliofiwa wakati hukuwepo, na kila nyumba unaanza kulia upya hata kama marehemu ulimwona mara mbili tu maishani. Wiki ya pili unakaa kwenye kigoda uani, wenye shida zao wanakuja mmoja mmoja. Mama yangu alikuwa anakaa mlangoni akiwapangia zamu, ana raha utafikiri ni harusi. Nilikuwa nampenda mama yangu kuliko mtu yeyote, na nilikuwa narudi Uingereza nimechoka kuliko nilivyoondoka. Yote mawili ni kweli, na sijawahi kuweza kusema moja bila kulionea haya jingine.

Basi Januari moja, katikati ya miaka ile ya elfu mbili na kitu, mume wangu alirudi kutoka maktaba kuu ya mjini na kitabu cha watalii, akakiweka mezani, akasema kabla hajatimiza miaka hamsini anataka kuiona kuba ile kwa macho yake. Siku nne tu. Tutalala hoteli ndogo, tutatembea kwa miguu, tutarudi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwuliza tuna nani Firenze. Akasema hatuna mtu. Nikamwambia watu wazima hawafungi safari kwenda mahali ambapo hawana mtu.

Lakini usemi huo ndio ulioniponza. Hatuna mtu. Nilikwenda nao kazini siku ya pili, nikawa naugeuza kichwani huku nageuza wagonjwa. Mji mzima ambao hakuna anayejua mimi ni binti wa nani. Hakuna wa kumpa pole, wa kumpelekea zawadi, wala wa kuniangalia kama nimenenepa. Kufika jioni nilikuwa naitaka safari ile kuliko mwenye kuba yake.

Niliomba siku kumi za kazi mwezi wa Mei: siku nne za Firenze na zilizobaki za kulala. Msimamizi wa wodi akatia saini, na karatasi nikaibandika kwenye mlango wa friji kwa sumaku. Kila nilipofungua friji kuchukua maziwa niliisoma, ingawa ilikuwa na mistari mitatu tu.

Mipango ilifanyika jikoni, Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Mume wangu alinunua daftari la shule, akalichora mistari kwa rula. Jumanne, kuwasili na kutafuta hoteli. Jumatano asubuhi na mapema, kuba, kabla ya foleni. Pale aliandika ngazi ni mia nne na ushee, na pembeni akaandika jina langu na alama ya kuuliza, kwa sababu ya goti langu. Nikafuta ile alama. Alhamisi tungevuka daraja la zamani lenye maduka ya masonara juu yake, twende upande wa pili tukapande kilima, tuitazame kuba kwa mbali. Ijumaa hakuiandikia kitu. Nilipomwuliza akasema hiyo ni ya kwangu, nitakavyo. Nikaandika: kukaa kwenye ngazi za kanisa lolote na kula aiskrimu. Alisoma akasema haijawahi kutokea mwanamke akavuka bahari kwa ajili ya hilo. Nikamjibu na mwanamume akavuka kwa ajili ya matofali, je?

Jumamosi moja alichukua vipande vya sukari kwenye kopo, akaanza kunijengea kuba juu ya sahani. Alikuwa ameshalipata jibu la bruda kwenye kile kitabu. Kwa kweli ni kuba mbili, moja ndani ya nyingine, akanieleza, na matofali hayakulazwa yote. Kila baada ya hatua moja lilisimamishwa tofali moja, ili likamate wenzake wasiteleze wakati chokaa bado mbichi. Sukari yake ilibomoka kila ilipofika mstari wa tatu. Hakujali. Uso wake ulikuwa wa kijana niliyemkuta kwenye jukwaa la ujenzi, ana vumbi la saruji kwenye nyusi, na nilisikia uchungu kwa yale maboksi yote ya Aston.

Binti yetu, ambaye alizaliwa hapa na wakati huo alikuwa na miaka kumi na mmoja, angebaki na rafiki yetu mmoja wa kanisani, mama kutoka Bukavu aliyekuwa anakaa Shard End. Alikubali mara moja. Sisi tulikuwa tumekwisha kupata pasi nyekundu za nchi hii. Yeye alikuwa na hati ya wakimbizi, ambayo inamruhusu kwenda kila nchi duniani isipokuwa kwao. Siku niliyokwenda kwake kupanga habari za mtoto alinisikiliza mpaka nikamaliza kumweleza kuba, daraja na aiskrimu. Akanimiminia chai.

"Weye uko na mama yako muzima," akasema, "na karatasi yako haikukatazi kufika kwenu. Lakini unaenda kuona makanisa ya Wazungu?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza tu, anataka kujua. Nilimjibu kwamba nyumbani nitakwenda Desemba, kwa sauti ambayo sikuipenda mwenyewe, na nikaondoka na basi la kwanza nikiwa nimenuna. Nilimkasirikia wiki nzima, maana alikuwa amesema lile ambalo mimi nilikuwa nalizunguka.

Mama nilikuwa nampigia kila Jumapili mchana, tukitoka kanisani, kwa zile kadi za simu za kukwangua. Nilimnunulia simu ya mkononi, lakini hakuipenda. Alikuwa anaishika mbali na sikio na kupiga kelele. Na kila mwaka, ikifika Machi, swali lake lilikuwa moja. Jumapili moja ya mwezi huo aliniuliza kama kawaida.

"Likizo lini, mwanangu? Nikuandalie chumba."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumwambia ukweli. Mama hakuwa mtu wa kugomba. Ningemwambia tunakwenda Italia siku nne, angesema nendeni, mwone, mrudi salama. Kisha angenyamaza kidogo, na kile kimya chake ndicho nilichokuwa nakiogopa. Tena ningelazimika kumweleza kwa nini mtu aache kumwona mama yake akaone jengo, na kwa kelele za simu ile, ningeeleza kwa kupayuka. Nilikuwa nimechoka. Uongo ulikuwa mfupi kuliko maelezo.

Nikamwambia mwaka huu kazini wamekataa. Watu ni wachache wodini, hakuna anayepewa. Labda Desemba, tukijaliwa.

Binti yangu alikuwa mezani anafanya kazi zake za shule. Kiswahili alikuwa anakisikia vizuri, kujibu ndiyo hataki. Akainua kichwa, akanyoosha kalamu kuelekea friji. "It's right there, Mum," akasema. "The paper." Nilimkata jicho, akainama kwenye daftari lake.

Upande wa pili wa simu mama alisema pole, mwanangu. Akanipa pole mimi. Akasema hao Wazungu nao wana roho gani, mtu anafanya kazi mwaka mzima. Kisha akasema usijali, tutakuombea. Nikasema asante mama, na kadi ikaisha au nikaiacha iishe, sikumbuki.

Baada ya hapo simu za Jumapili zilikuwa fupi. Mwanzoni nilidhani ni mimi ninayezifupisha. Mara nyingine aliyepokea ni dada yangu mkubwa, aliyekuwa anakaa naye, akasema mama amelala, au mama yuko bafuni, tupigie wiki ijayo. Nilijua mama yangu halali mchana. Nilijua hivyo tangu utoto. Lakini kila dada aliposema amelala, mimi moyo wangu ulitua, kwa sababu ilikuwa Jumapili moja zaidi ambayo sitaulizwa. Nilikuwa nakata simu narudi kwenye daftari. Aprili nzima tulibishana kuhusu viatu. Mume wangu alitaka ninunue vya kutembelea, imara. Mimi nilitaka vile vyeusi vya ngozi, nisije nikapigwa picha nimevaa viatu vya wodini. Tulibishana hivyo, na mama yangu kule miguu imevimba haingii kwenye kandambili.

Zamu yangu ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Wenzangu wodini waliniambia nifurahie Italia, na bibi mmoja wa kitanda cha dirishani akaniagiza nimletee kadi ya posta. Jumamosi asubuhi nilikuwa nakunja nguo, simu ikalia. Ilikuwa dada. Dada hakuwahi kunipigia yeye. Siku zote ni mimi niliyepiga.

Akasema mama hajisikii vizuri, nijitahidi nije. Akarudia, jitahidi uje. Kwetu mtu aliye mbali haambiwi msiba kwa simu. Anaambiwa mgonjwa hajisikii vizuri, ili afike akiwa na nguvu, na kila mtu anajua maana yake, anayesema na anayesikia. Mimi mwenyewe nimewahi kuwaambia wengine maneno hayo hayo. Nilimwuliza dada, ameshaondoka? Akalia. Hapo ndipo nilipokaa chini, juu ya nguo zilizokunjwa.

Ilikuwa rahisi kusafiri, hilo ndilo lililonitia kichaa. Sikuhitaji kumwomba mtu ruhusa wala kumpigia msimamizi. Likizo ilikuwa tayari, imetiwa saini, iko kwenye friji. Mume wangu alitoa viatu vyangu vya kutembelea kwenye sanduku dogo akavitia kwenye kubwa. Yeye alibaki na mtoto kwa ajili ya shule. Jumapili nilipanda ndege ya Dar es Salaam. Jumanne, saa ambayo kwenye daftari imeandikwa kuwasili na kutafuta hoteli, nilikuwa kwenye basi la kusini, nimeegemeza kichwa kwenye kioo, nimejifunga khanga mbili, na abiria wa pembeni yangu hakuuliza kitu. Tulimzika mama Jumatano asubuhi. Walikuwa wamenisubiri mimi.

Siku ya tatu baada ya maziko dada alinipeleka chumbani kwa mama kuchagua nguo za kugawa. Tulikaa kitandani. Ndipo aliponieleza kwamba ugonjwa ulianza mwishoni mwa Februari: pumzi fupi, miguu kuvimba, moyo umepanuka, madaktari walisema. Alilazwa mara mbili. Nikamwuliza kwa hasira kwa nini hawakuniambia. Nilimwambia maneno mabaya. Nilimwambia wameniua. Mimi nafanya kazi hospitalini, kuogesha mama za watu kila siku, na mama yangu mnamficha?

Dada aliniacha nikamaliza. Mikononi alikuwa na gauni la mama la Jumapili.

"Siyo sisi," akasema. "Tulitaka kukupigia toka Machi. Mama ndiye alikataza. Alisema kazini wamekunyima likizo, ukisikia anaumwa utatoroka uje, halafu wakufukuze. Alitutisha na radhi yake. Akasema, mwacheni mwanangu, Desemba atakuja."

Ningeweza kumwambia pale. Tulikuwa wawili tu, na mlango umefungwa. Badala yake nilichukua lile gauni nikalikunja, likafunguka, nikalikunja tena. Dada akadhani ni huzuni, akanikumbatia, akaniomba mimi msamaha. Nikaupokea. Mpaka leo dada yangu anaamini kwamba hospitali moja ya Birmingham ndiyo iliyotutenganisha na mama, na akiwataja anawalaani.

Na watu wa hospitali ile hawakustahili. Niliporudi kazini, siku ile ile iliyoandikwa kwenye karatasi, waliniuliza Italia ilikuwaje, nami nikawaambia nilikwenda kumzika mama. Msimamizi alinivuta chumbani kwake, akasema siku za msiba zina ruhusa yake, haziingii kwenye likizo, na kama ningemwambia tu kwamba mama anaumwa angeniachia hata Machi, hata siku hiyo hiyo. Alisema kwa upole. Nilimtazama yule mama wa Kizungu aliyekuwa anahofiwa kijijini kwetu, nikashindwa hata kumshukuru.

Rafiki yetu wa Shard End alikuwa akija Bordesley Green siku zote nilizokuwa sipo, na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, akakaa na mume wangu kama inavyotakiwa kwenye nyumba ya msiba. Hakunikumbusha lile aliloniambia, wakati ule wala baadaye. Natamani angenikumbusha, nikapata mtu wa kumkasirikia. Mume wangu tulipokuwa peke yetu nilimweleza yote. Alisikiliza, akainuka, akalichukua lile daftari mezani akaliweka juu ya kabati, nyuma ya sufuria kubwa. Firenze hatujaenda. Hakuwahi kuitaja tena, na mimi sikuwahi kumwambia twende. Amestaafu sasa. Akijenga kitu, hata ukuta mdogo wa bustani, namwona kila baada ya hatua anasimamisha tofali moja, na mimi naingia ndani.

Lakini kilichobaki kwangu hasa ni asubuhi ile ya kuondoka kijijini. Akina mama wa jumuiya ya kanisa walikuja kutusalia sala ya kumaliza matanga. Mama alikuwa mwenzao kwa miaka mingi. Tukakaa kwenye mikeka uani. Sala ilipokwisha, mwenyekiti wao, bibi mwembamba aliyekuwa rafiki wa mama tangu usichana, alisogea kwa magoti mpaka nilipo, akanishika mikono yote miwili. Shikamoo yangu ameshaitikia, lakini hakuniachia.

"Mama yako alikuwa na ombi moja tu," akasema. "Toka Machi. Kila Jumatano tukifika kwenye maombi ya watu, wengine wanaomba mvua, wengine wanaomba wagonjwa wao wapone. Yeye mwenyewe mgonjwa, na anasema, mwanangu wa Ulaya apewe likizo. Hata aliposhindwa kutembea tukawa tunasalia kwake, akawa anaomba kitandani, hilo hilo. Nasi tunaitikia, twakuomba utusikie."

Akaninyanyua mikono kidogo, anaitikisa, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi na furaha.

"Na umepewa, mwanangu. Unaona? Mungu amesikia. Umepewa likizo."

Akina mama wote walikuwa wananitazama, wanangoja. Dada alikuwa nyuma yangu, mkono wake begani kwangu. Nikasema amina.